Mgongo wa Mzee Okemwa

Mzee Okemwa alikuwa anaoza mgongoni, na katika boma lake hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kumtazama.

Kidonda kilikuwa chini kabisa ya uti wa mgongo, pale ambapo mifupa ya mtu aliyekonda hugusa godoro. Mtu akilala upande mmoja muda mrefu bila kugeuzwa, nyama ya upande huo hufa. Jambo lenyewe ni hilo tu, si uchawi wala laana. Lakini kidonda cha aina hiyo kinataka macho ya mtu mwingine, maana hakuna anayeweza kuutazama mgongo wake mwenyewe.

Boma lilikuwa nje kidogo ya Rongo, kwenye mashamba ya miwa. Okemwa alishuka kutoka milima ya Kisii akiwa kijana, akanunua shamba, akapanda miwa, akamzika mke wake hapo hapo. Sasa bomani walibaki watu watatu. Yeye alikuwa katika nyumba yake ndogo ya udongo na mabati. Mwanawe Mokaya, mwenye duka sokoni, alikuwa katika nyumba ya pili pamoja na mkewe Nyasuguta. Watoto wa Mokaya walikuwa wasichana tu na wote walikuwa wameolewa mbali.

Kwa Wagusii, mtoto wa kiume akishatahiriwa haingii tena mahali baba yake analala. Haoni kitanda chake, haoni mwili wake. Mke wa mwana ndiye amekatazwa kabisa. Atampikia baba mkwe, atamfulia shuka zikiletwa nje, lakini pazia la chumba chake halivuki, na mambo ya mwili wake hayatajwi mbele yake. Mipaka hiyo wanaiita chinsoni. Wasabato wa Rongo, akiwemo Mokaya ambaye alikuwa shemasi, waliacha pombe, wakaacha kafara, wakaacha kufanya kazi Jumamosi. Chinsoni hawakuacha. Hakuna mhubiri aliyewaambia waache, na wahubiri wenyewe hawakuwa wakiingia vyumbani mwa baba zao.

Mjukuu angeweza kuingia, kwa sababu babu na mjukuu hawaoneani aibu. Wajukuu hawakuwepo. Aliyebaki ni mtu wa rika, aliyetahiriwa siku moja na mzee, na huyo alikuwepo. Aliitwa Oyaro, na aliishi ng'ambo ya kijito.

Tangu Okemwa alipoteleza akavunjika nyonga, Oyaro alikuwa akija kila asubuhi na fimbo yake. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu iliyovimba na pumzi fupi, lakini akishapita lile pazia alikuwa bwana wa nyumba. Alimwosha mwenzake, akamgeuza, akampaka mafuta, na muda wote huo walikuwa wanatukanana. Nyasuguta aliwasikia kutoka jikoni.

"Geuka, gunia la mifupa."

"Polepole. Hujui kushika mtu."

"Ningejua kushika watu ningekushika siku ile ya kisu, ulipolia ukimwita mama yako."

"Aliyelia ni wewe. Mimi nilikohoa."

Nyasuguta alikuwa akicheka peke yake juu ya sufuria. Hiyo ilikuwa miezi mizuri, ingawa hakujua wakati huo.

Kisha wakaja watu wa utafiti.

Walikuwa watano ndani ya Land Rover moja, kutoka Homa Bay. Mkuu wao alikuwa Daktari Wangwe. Nesi aliitwa Metrine. Wengine walikuwa kijana wa kunyoosha viungo, mama wa ustawi wa jamii, na mhadhiri wa chuo kikuu aliyekuwa akichunguza namna familia zinavyoishi na wazee wao. Walikuwa wakifuatilia wazee kutoka Kosele hadi Sori, wote dhaifu, wote wenye magonjwa zaidi ya moja.

Wazo lao halikuwa baya, na ni haki kulisema. Waliona kwamba mzee mwenye shida tano anazungushwa kwenye milango mitano, na kila mlango haujui mwingine umempa nini. Kosele walimkuta bibi aliyepewa dawa ya presha katika kliniki moja, dawa ikamtia kizunguzungu, akaenda kliniki nyingine akapewa dawa ya kizunguzungu, hiyo ikamnyima usingizi, na tayari alikuwa ametajiwa ya tatu. Wale watano waliketi naye pamoja na watoto wake, wakaziondoa zote isipokuwa moja. Bibi akaanza tena kupalilia. Habari hizo zilifika Rongo, ndiyo maana Mokaya alipoombwa baba yake aingizwe katika utafiti alikubali bila kuuliza.

Walikuwa na sheria moja ambayo hawakuivunja. Kila jambo lisemwe mbele ya wote. Wale watano, mgonjwa na watu wake wote wakae pamoja, kila mmoja asikie anachosikia mwenzake. Hakuna kuongea pembeni. Daktari Wangwe alisema kunong'ona pembeni ndiko kulikomfikisha yule bibi wa Kosele alikofika.

Basi wakakaa chumba cha mbele cha Okemwa. Mzee alikuwa amejikokota kutoka kitandani kabla hawajaingia, akajiweka kwenye kiti, akavaa koti na kujifunika blanketi magotini. Mokaya alikaa karibu na mlango. Nyasuguta alikaa chini, nyuma ya mumewe, akitazama miguu ya watu. Oyaro alikuwa kwenye kigoda, anahema.

Walimpima Okemwa presha, wakampima pia Oyaro, kwa sababu umri wake ulimwingiza naye katika utafiti. Daktari akamsikiliza Oyaro kifuani kwa muda mrefu. Alimwambia moyo wake umetanuka na miguu ile haikuvimba bure. Akamkataza kuinua mtu, kubeba maji na kuvuka kijito.

"Kijito hicho nakivuka tangu kabla baba yako hajaota ndevu," Oyaro alisema, na watu wakacheka.

"Basi umekivuka vya kutosha, mzee wangu," daktari akajibu. "Pumzika. Sasa wewe ni wa kutunzwa, siyo wa kutunza."

Kisha akauliza nani yuko nyumbani mchana kutwa. Macho yote yalimwendea Nyasuguta. Daktari akasema basi mama ndiye atakayemwosha mzee na kumgeuza, asubuhi na jioni, na Metrine atamfundisha. Metrine akachukua mto, akaulaza juu ya mkeka, akaonyesha mkono unapita wapi na goti linakunjwa vipi.

Mhadhiri akainua kichwa akauliza kama kuna mila yoyote inayoweza kuzuia mpango huo.

Lilikuwa swali zuri, nalo liliulizwa mbele ya watu wasioweza kulijibu. Nyasuguta angesema nini? Kwamba hawezi kumwona mkwe wake uchi? Kulisema hilo mbele ya mkwe mwenyewe tayari ni kumvua nguo. Mokaya angesema hapana, wageni wangesikia kwamba mke wake amemkataa baba yake. Naye Okemwa angetaja mwili wake mbele ya mwanawe na mke wa mwanawe? Alitazama nje mlangoni, kwenye miwa.

"Ni sawa," akasema.

"Ni sawa," akasema Mokaya.

Nyasuguta alisema hivyo hivyo, kwa sauti ndogo. Oyaro alikuwa amefungua mdomo, akatazama uso wa mwenzake, akaufunga. Wale watano wakaandika kwamba familia imekubaliana kwa pamoja.

Hofu ya Nyasuguta ilianza kesho yake asubuhi.

Alichemsha maji, akayamimina kwenye karai, akachukua sabuni na kitambaa, akaenda hadi kwenye pazia. Lilikuwa pazia la kitenge lililopauka. Nyuma yake alisikia mzee anapumua, na mzee naye bila shaka alimsikia yeye. Alisimama hapo mpaka maji yakaanza kupoa. Kisha akaliweka karai sakafuni, akalisukuma kwa ncha ya vidole lipite chini ya pazia, akaondoka.

Aliporudi, karai lilikuwa limesukumwa nje. Kitambaa kilikuwa kimelowa, maji yamepata povu. Alishukuru. Alijiambia mzee amejiosha mwenyewe. Aliendelea kujiambia hivyo kila siku, mpaka siku moja alipoona kwamba maji yana povu lakini ni meupe, safi kabisa. Mzee alikuwa akichovya kitambaa, akikoroga sabuni, na kurudisha karai. Alikuwa anamkinga mke wa mwanawe asiaibike. Nyasuguta alimwaga maji yale nyuma ya jiko na hakumwambia mtu. Kesho yake alipeleka tena.

Kila mmoja alimkinga mwenzake namna hiyo. Mokaya akirudi kutoka dukani aliuliza habari za baba yake, "Tata ameoshwa?" na mkewe alijibu, "Maji nimepeleka." Mokaya hakuuliza zaidi. Alikuwa mtu anayejua kilo ya sukari kwa kuinua mkono tu, na alielewa vizuri kilichopungua katika jibu lile. Aliogopa kukitafuta.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, karibu mwisho wake, mvua za El Nino zimeanza. Mvua ilinyesha kama imesahau kuacha. Kijito kilipanda, na ng'ambo ile Oyaro akabaki na amri ya daktari upande mmoja na maji upande mwingine.

Harufu ilitangulia. Mwanzoni ilikuwa kama ya panya aliyekufa darini, na Nyasuguta alipanda kweli kutafuta panya. Kisha nzi wakaanza kukaa kwenye pazia, kwenye kitenge kile, hata wakati mvua inanyesha na nzi hawaonekani mahali pengine popote. Kisha mbwa. Mbwa wa boma alianza kulala nje, chini ya ukuta wa udongo upande wa kitanda cha mzee, pua imegusa ukuta. Nyasuguta alimpiga mawe. Mbwa aliondoka hatua chache na kurudi. Alikuwa na subira ya kutisha.

Nyasuguta alianza kuchoma buni za kahawa kwenye kigae mchana kutwa, ili moshi ufunike. Majirani waliopita njiani walisema kwamba nyumbani kwa Mokaya siku hizi wanakunywa kahawa kama Waarabu.

Mzee hakulalamika. Hilo ndilo lililomtia Nyasuguta hofu kuliko harufu. Mzee angelia, Nyasuguta angejua la kufanya, angeita watu. Badala yake, akiwa jikoni, alimsikia akiongea na mkewe aliyekufa, akimwelezea bei ya miwa. Mchana mmoja alimsikia akijitukana mwenyewe, kwa sauti ya Oyaro, na kujijibu kwa yake. "Geuka, gunia la mifupa." "Nitageuka kesho."

Nyasuguta alimkumbuka mke wa mtu mmoja aitwaye Kerosi, kule kwao milimani. Baba mkwe wake alianguka kifafa na yeye akamkumbatia asiungue motoni, blanketi likamtoka mzee. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo hakushika shingo, wala aliyefuata. Watu walisema ni yale. Nyasuguta alisoma mpaka darasa la saba na alijua watoto huzaliwa hivyo hata kwa watu ambao hawakumkumbatia yeyote. Lakini binti yake mdogo alikuwa na mimba, ya kwanza. Kila alipofika kwenye pazia alikiona kichwa cha mtoto huyo kimelala upande.

Kisha wale watano walirudi. Barabara ilikuwa matope na walitembea sehemu ya mwisho, suruali zimekunjwa. Okemwa alikuwa tena kwenye kiti. Namna alivyofika hapo hakuna aliyejua; alikuwa na jasho usoni na midomo ya kijivu. Nyasuguta alikuwa ameweka buni motoni tangu alfajiri, nyumba imejaa moshi.

Daktari aliuliza kama anaoshwa. Ndiyo. Anageuzwa? Ndiyo. Anakula? Ndiyo. Kijana wa viungo alimwomba asimame, na Okemwa akasema ameamka amechoka, labda siku nyingine.

Metrine peke yake hakuwa anaandika. Alikuwa binti wa Bungoma, mnene, mwenye macho mazito, na amefanya kazi katika wodi ya wanaume miaka mingi. Alivuta hewa puani mara mbili. Akauliza kama anaweza kuuona mgongo wa mzee.

Okemwa alishika blanketi.

"Hapa?" akasema.

"Tunaweza kuingia chumbani, baba. Mimi na wewe tu."

Daktari Wangwe alimkumbusha kwa upole kwamba hawafanyi hivyo. Kama kuna la kutazamwa, mama anayemwosha awepo, ajifunze, na mwana awepo, aelewe. Mpango ni wa wote. Akamgeukia Mokaya, akamwomba amsaidie baba yake kuvua koti.

Mokaya alisimama. Mikono yake ilikuwa inaning'inia kama ya mtu mwingine. Okemwa akamtazama mwanawe usoni, na Mokaya akaketi tena.

"Sina kitu mgongoni," mzee alisema. "Niacheni nipumzike."

Hawakumlazimisha. Wakati wa kutoka, Metrine alimgusa Nyasuguta mkono, kama anayeaga, na kuushika mkono ule kwa nguvu zaidi ya kuaga. Alikuwa anangoja. Mume alikuwa nyuma, daktari mbele, mkwe ndani anasikia. Nyasuguta alisema, "Karibuni tena," na nesi akamwachia.

Siku tatu baadaye karai halikurudishwa nje ya pazia.

Nyasuguta aliinama akatazama. Karai lilikuwa pale pale alipolisukuma, sabuni kavu. Aliita, "Tata." Alisikia kitu kama mtu anayetafuna kitambaa. Mbwa alikuwa ameanza kuchimba ukuta.

Alikimbia hadi kijitoni. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yalibeba mabua ya miwa. Alivuka kwa kushikilia mizizi, maji kiunoni, na kumkuta Oyaro amekaa mlangoni kwake amejifunika gunia.

"Mimi nimeandikwa mgonjwa," Oyaro akasema kabla hajaulizwa. "Daktari amesema nisubiri kutunzwa. Mpaka leo nasubiri."

"Baba, tafadhali."

"Ulikuwa ukimwosha?"

Nyasuguta alikamua maji kwenye pindo la nguo yake. Oyaro alimtazama muda, kisha akatafuta fimbo yake.

"Najua hukumwosha," alisema. "Ningeshangaa ungemwosha. Nilikaa pale kwenye kigoda nikasikia wote mnasema ni sawa, nikanyamaza nisimwaibishe. Sisi ni watu wenye adabu sana, mama. Twende."

Kuvuka kulimmaliza Oyaro nguvu. Nyasuguta alimshika kwapa, akamburuta kwenye ukingo, na huko alikaa kwenye matope mpaka pumzi iliporudi, midomo imekuwa ya bluu. Nyasuguta alimsihi warudi. Oyaro alikataa kwa kichwa. Njiani Nyasuguta alimtuma mpita njia amwite Mokaya sokoni.

Oyaro alipita pazia. Nyasuguta alibaki chumba cha mbele, akisubiri tusi la kwanza. Alilisubiri kwa moyo wote. Halikuja. Alisikia blanketi likivutwa, na lilitoa sauti ya kitu kilichonata. Kisha sauti ya Oyaro, tofauti kabisa na ile aliyoizoea.

"Okemwa. Ndugu yangu. Kwa nini hukuniita?"

Mzee alisema neno ambalo halikusikika.

Oyaro akamwambia Nyasuguta kupitia pazia alete maji ya chumvi, mengi, na shuka zote. Alisema kuna shimo ambalo ngumi inaingia, na ndani anaona cheupe. Alisema godoro limeshikana na mtu, haliwezi kuachana naye bila kuinuliwa, na yeye peke yake hawezi.

Mokaya alifika amelowa. Alisimama kwenye pazia, akashika ukingo wake. Nzi waliruka wakamkaa usoni na hakuwafukuza.

"Ingia umshike miguu," Oyaro akasema kutoka ndani.

"Mokaya." Ilikuwa sauti ya baba, wazi kabisa sasa. "Ukiingia humu, mimi si baba yako tena. Nitakwambia maneno, na hayatarudi."

Laana ya mzazi, kwa watu wale, haihitaji kupazwa sauti. Mokaya alishika pazia hivyo hivyo. Hakuingia wala hakuondoka.

Walimsikia Oyaro akivuta pumzi, akisema, "Haya basi, gunia la mifupa," na kitanda kikalia. Kisha mshindo. Kisha fimbo ikibingirika sakafuni, polepole, hadi ikatokeza chini ya pazia na kugusa kiatu cha Mokaya.

Nyasuguta alimpita mumewe akaingia.

Alichokiona tutakiacha kwa sehemu kubwa. Oyaro alikuwa ameketi sakafuni ameegemea ukuta, mkono kifuani, macho wazi, anamtazama mwenzake. Okemwa alikuwa nusu kitandani, nusu chini, uchi, mgongo juu. Alikuwa mdogo. Nyasuguta hakuwa amejua kwamba mzee ni mdogo kiasi kile. Mzee aligeuza shingo kuona nani ameingia, na mdomo wake ukaanza kufunguka.

Nyasuguta alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfunika mzee uso.

"Hakuna mtu hapa, tata," akasema.

Alipitisha mkono chini ya kifua, akakunja goti, kama ule mto wa Metrine, akamwinua. Hakuwa mzito. Alimwosha kwa maji ya chumvi, akaondoa kilichokuwa cha kuondolewa, akamfunga kwa shuka, na muda wote huo alikuwa anarudia maneno yale, hakuna mtu hapa, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Chini ya kitambaa mzee hakutoa neno. Kitambaa kilipanda na kushuka, kikalowa mahali pa macho.

Alipomgeukia Oyaro ampe maji, Oyaro alikuwa bado anamtazama mwenzake, lakini hakuwa anaona tena.

Trekta la miwa ndilo lililowafikisha kwenye lami. Hospitalini walisema siku chache zaidi na damu yote ingekuwa sumu. Okemwa alilazwa kifudifudi hadi mvua zikaisha.

Metrine alikuja bomani peke yake, siku isiyo ya utafiti, akakaa jikoni na Nyasuguta na kusikia yote tangu karai la kwanza. Wale watano walibadilisha utaratibu wa kazi yao. Tangu hapo, kabla ya kikao cha wote, mmoja wao huketi na mzee faraghani na kumwuliza swali moja kwanza: ni nani hapa nyumbani asiyepaswa kukuona? Daktari Wangwe alikuja mwenyewe kwenye mazishi ya Oyaro. Alisimama nyuma, hakupewa nafasi ya kusema, na hakuiomba.

Mpango ule unasaidia wazee wengi sasa, Sori na Kosele na kwingineko. Wanaosimulia uzuri wake hawasimulii ulilipiwa nini, basi hapa tutahesabu.

Oyaro alikufa. Huyo ni mmoja.

Okemwa aliishi miaka miwili zaidi, milimani, kwa mjukuu wa dada yake. Hakurudi Rongo akiwa hai. Hakumlaani mtu, lakini hakula tena chakula kilichopikwa na Nyasuguta, na hakutamka tena jina lake.

Nyumba ya udongo ilibomolewa, na kitanda kikachomwa.

Mbuzi mmoja alichinjwa ili kusafisha boma. Kwa sababu ya mbuzi huyo, kanisa lilimvua Mokaya ushemasi, na hakurudishiwa.

Mjukuu wa Nyasuguta, mtoto wa binti yake mdogo, alizaliwa mzima, na shingo yake ilishika vizuri. Nyasuguta alikataa kumbeba mpaka alipoanza kutembea.